Vitenge vimeshuka kwenye shelfu: duka moja la Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam

Duka lenye mali nyingi si lazima liwe duka linalouza sana. Nasema hivyo nikiwa fundi cherehani wa Tandika ambaye lazima nikanyage Mtaa wa Uhuru mara kwa mara, maana wateja wangu wengi siku hizi hawaniletei kitambaa, wananitumia picha WhatsApp. "Fundi, nataka mshono huu, kitenge utanichagulia mwenyewe." Basi nashuka Mnazi Mmoja, naingia duka moja baada ya jingine kuelekea Kariakoo, na karibu kila mlango nakutana na mambo yaleyale: shelfu toka sakafuni hadi darini, vitenge vimekunjwa vikashindiliwa, kaunta imekata mlango, kijana yuko nyuma yake na ngazi imeegemezwa ukutani. Mali ipo, tena ya mamilioni, ila anachokiona mteja ni mistari ya rangi yenye upana wa vidole vitatu.

Duka ninaloliandikia leo limeachana na mpangilio huo. Mwenyewe kaniomba nisilitaje jina; anadai mawinga alionao, wale vijana wanaomletea wateja, wanamtosha. Ukitokea Mnazi Mmoja utalijua kwa mlango wake, kwa sababu ndio mlango pekee upande ule ambao haujajazwa. Vimetundikwa vitenge vitatu tu. Kila kimoja kimepitishwa juu ya bomba la chuma kikashuka pande mbili, upande wa mtaani na upande wa ndani. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, kwa hiyo kila upande unashuka mita mbili na ushee, na upana wote wa inchi 45 umefunguliwa. Unaona kitambaa kizima kabla hujakanyaga kizingiti.

Asiyeshona anaweza kudhani hilo ni pambo tu. Kwa fundi ndiyo habari yenyewe. Michoro ya vitenge siku hizi ni mikubwa. Ua moja linaweza kuzidi futi moja, na kuna vile vyenye ndege, feni, hata taa ya chemli. Kitambaa kikishakunjwa mara nane, unaweza kuona kipande cha njano na ukingo wa buluu ukadhani umepata kitenge kitulivu cha kuvaa kanisani. Ukifika nyumbani unakifungua, unakuta jogoo mzima. Mimi ndiye ninayebaki na jogoo huyo. Nimweke wapi? Nikimweka kifuani, mteja ananuna. Nikimkata katikati pale kwenye mshono wa ubavu, anauliza mbona kichwa kiko mbele na mkia uko mgongoni. Wangapi wamenirudishia gauni kwa kesi ya namna hiyo, na kosa lilianzia dukani, kwenye mkunjo.

Kwa hiyo nilipoona vitenge vimeshuka kwa urefu wake, niliingia kabla sijasikia bei. Na kuingia kwenyewe ni kitu. Kaunta imeondolewa mlangoni, imesogezwa nyuma kona ya kulia, pale ilipo EFD, mashine ya kutolea risiti. Hatua tatu nne za mwanzo hakuna kitu chochote, sakafu tupu. Kwa pango la fremu za huku, kuacha sakafu tupu ni ujasiri. Nimeona maduka ambayo hata chini ya ngazi wamepachika boksi. Lakini nafasi hiyo inampa mtu aliyetoka kwenye jua na mikokoteni muda wa kutulia na kutazama. Kwenye maduka mengine unajibu swali la "nikupe nini, dada?" wakati macho bado hayajazoea kivuli, na ukishindwa kujibu unatoka.

Kuna jambo jingine kuhusu kaunta ambalo wenye maduka hawalioni kwa sababu wao wako upande wa pili. Mteja akisimama nje ya kaunta lazima aombe. Anaonyesha kidole, "kile cha kijani, hapana, cha juu yake." Kijana anapanda ngazi, anashusha. Sicho. Anapanda tena. Mara ya tatu mteja anaona aibu: ama ananunua asichokitaka ili mambo yaishe, ama anasema "nitarudi" na kila mtu anajua harudi. Hapa unashika mwenyewe. Katikati ya duka kuna meza ndefu, kimo chake kiunoni, na juu yake vitenge vimelazwa vikipishana, kila kimoja kimefunguliwa kiasi cha kuonyesha mchoro mmoja kamili. Nilimuuliza mama mwenye duka kama haogopi kuibiwa. Akasema aliogopa sana, ndiyo maana kijana mmoja kazi yake ni kukaribisha mlangoni, na anayekaribisha ndiye anayeona anayetoka.

Ukutani shelfu zipo bado, asidanganyike mtu. Ila zimepangwa kwa rangi. Unaanza na buluu upande wa kushoto, unapita kijani, njano, machungwa, nyekundu, zambarau, halafu nyeusi na nyeupe mwisho kabisa. Zamani, anasema, walipanga kwa kiwanda na kwa tarehe ya kontena kuingia, mpangilio unaomsaidia mwenye duka anayejua mzigo uliingia lini. Mteja hajui hayo. Mteja wa Dar anakuja na rangi kichwani kwa sababu kamati ya harusi ndiyo iliyompa: kitchen party ni "pichi na dhahabu", sendofu ni "kijani cha chupa". Akisimama mbele ya ukuta huu, anakwenda moja kwa moja kwenye kijani chake, na anapofika pale anakuta aina saba au nane za kijani, ambazo kwenye duka la zamani zingekuwa zimetawanyika kwenye kuta tatu.

Na hapa kuna jambo nililolipenda kuliko yote: meza ya sare. Ni meza ndogo pembeni, imewekewa vitenge ambavyo stoo kuna pisi, yaani vipande vizima vya yadi 6, za kutosha kundi zima. Kila kitenge kina kadi ya boksi, imeandikwa kwa kalamu nene: bei, kisha "zipo 45" au "zipo 60". Wanawake wa kikoba wakija wanane na kila mmoja na rai yake, hakuna kitu kinachoua biashara kama kukubaliana kitenge halafu kuambiwa zimebaki pisi tano. Nimeshuhudia makundi yakigombana hadi kutoka nje bila kununua hata uzi. Hapa ugomvi unabaki kwenye rangi peke yake, ambako ndiko unakostahili kuwa. Kadi hizo zinabadilishwa namba mchana kwa mchana. Mpwa wake mama anapita na kalamu.

Vitenge vilivyo mezani vyote vimegeuzwa pembe moja ili mgongo uonekane. Jambo dogo sana, na naona wateja wengi wanalipita bila kujua wanaonyeshwa nini. Kitenge cha waksi ya kweli kinapakwa nta na kuchovywa rangi, kwa hiyo mbele na nyuma rangi inakuwa na nguvu ileile. Kile cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Vyote vinauzwa, vyote nashona, lakini bei zake hazipaswi kulingana. Vlisco wa Helmond kule Uholanzi, walioanza tangu 1846, bei zao hazikamatiki kwa mteja wangu wa kawaida, na soko limejaa vinavyofanana navyo kwa mbele. Duka linalokugeuzia pembe mwenyewe, bila kuombwa, linakwambia kwamba halina la kuficha. Mimi huwa nageuza hata hivyo, ni mazoea. Ila mteja aliyekuja peke yake hatageuza.

Sasa taa, na hapa nitakaa kidogo.

Maduka mengi ya mtaa huu yana zile taa ndefu nyeupe zinazoelekea kwenye buluu. Ukisoma boksi lake utakuta 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga unazidi kuelekea buluu. Zinaangaza sana, duka linaonekana safi kutoka mbali, na umeme wake si mwingi. Tatizo liko kwenye rangi ya kitambaa, hasa taa zenyewe zikiwa za bei ya chini. Nyekundu inalala, inakuwa kama imefuliwa mara nyingi. Hudhurungi inageuka kijivu. Ngozi zetu nazo zinapauka, na mwanamke akijipima kitambaa begani mbele ya kioo anajiona kama ametoka kuumwa. Hanunui, na hajui kwa nini. Kwenye boksi la taa huwa kuna namba nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaiangalii, imeandikwa Ra au CRI. Mwisho wake ni 100, yaani taa haipotoshi rangi. Taa nyingi za dukani ziko kwenye 80 na kushuka. Hapa juu ya meza kuu wameweka taa za kuelekeza, 4000K, zenye 90, na zimegeuzwa ziangukie kitambaa, sio macho ya mtu. Zile ndefu nyeupe wameziacha nyuma kwenye stoo na kaunta.

Nililipima kwa njia ya fundi. Nilikuwa na uzi wa rangi ya damu ya mzee nilioununua kwa kazi nyingine. Nikauweka juu ya kitenge pale mezani, ukakubali. Nikatoka na kitenge mlangoni kwenye jua, ukakubali tena. Asiyefanya kazi hii hajui hilo lina thamani gani. Kuna nyeusi mbili ambazo ndani ya duka ni pacha na nje moja ni nyeusi na nyingine ni kijani kilichokolea. Ukishona mshono wa juu kwa uzi uliouchagua chini ya taa mbaya, gauni linaonekana limetiwa viraka. Ndiyo maana mafundi wote mnaowaona wamesimama mlangoni mwa maduka wakiinua vitambaa juani hawaringi, wanatafuta ukweli. Kwenye duka hili nilitoka mara moja tu, kwa kuhakikisha.

Midoli ipo mitatu, na juu yake nina maneno mawili, moja zuri na moja baya.

Zuri ni kwamba hawakati kitambaa. Mpwa wa mama anachukua yadi 6 nzima, anazungusha kwenye mdoli, anakunja rinda hapa, anabana kiuno pale, vyote kwa pini, na baada ya muda mdoli una gauni. Wiki ikiisha anabandua pini, anakunja kitambaa, kinarudi mezani kuuzwa kama kilivyo. Hakuna kilichopotea. Pini zenyewe ni zile zisizoshika kutu. Kwa unyevu wa Dar ukiacha pini ya kawaida kwenye pamba siku chache inaacha nukta ya kahawia ambayo hakuna sabuni itakayoitoa. Halafu midoli wameipa umbo la kati. Kariakoo midoli ni ya aina mbili: ile myembamba ambayo haina pa kushikia khanga, na ile ya wauza jinzi yenye makalio ambayo hata sisi tuliojaliwa tunaitazama kwa mshangao. Wao wamechukua ile myembamba, wakaiongezea sponji nyongani na kuivisha soksi ya kitambaa juu. Kazi safi, fundi aliyefanya hivyo nampa heshima yake.

Baya ni kwamba mdoli haukai, hauinami, haupandi daladala. Kile kinachowezekana kwa pini mara nyingi hakiwezekani kwa mkasi. Mpwa anakunja yadi zote 6 kuwa sketi moja pana inayofagia, kiunoni kumebanwa kwa pini ishirini kwa nyuma, na mabegani ametupia kipande kilichobaki kikaonekana kama mikono. Mteja anapiga picha, ananunua yadi 6, anakuja Tandika: "Fundi, hivihivi." Hivihivi inataka yadi 9, mama. Ukitoa mikono, kola na bitana, ile sketi inabaki nusu. Mara ya mwisho nilimwambia mwenye duka mbele ya mpwa wake: wekeni kadi chini ya kila mdoli, mseme mshono huu unakula yadi ngapi. Mtauza pisi mbili badala ya moja, na mimi nitapumzika na kesi. Akacheka, akasema ataandika. Nilipopita tena mdoli mmoja ulikuwa na kadi, miwili haikuwa nayo.

Afadhali zaidi ingekuwa kushona sampuli moja ya kweli kila mwezi na kuitundika pembeni ya mdoli. Kitambaa kilichoshonwa kinajibu maswali ambayo pini haijibu: kinaanguka vipi, kinajikunja kiasi gani, mchoro unaangukia wapi. Najua nasema hivyo kwa kuwa naishi kwa kushona. Bado ni kweli.

Kioo nacho kimewekwa vibaya. Ni kikubwa, kizuri, cha kumwona mtu mzima, lakini kiko nyuma karibu na kaunta, chini ya zile taa nyeupe za zamani. Yaani wamehangaika na taa nzuri mbele yote, halafu pale ambapo mteja anaamua, kitambaa begani, wanamrudisha kwenye mwanga wa hospitali. Kioo kingesogezwa mita mbili tu.

Nije kwenye bei, maana hapa ndipo duka hili limeingia vitani.

Kila kitenge mezani na mlangoni kina kadi ya bei. Kwa mtu wa Masaki hilo ni jambo la kawaida. Kariakoo si la kawaida kabisa. Huku bei hukaa mdomoni: unauliza, unatajiwa, unasema "mwisho ngapi?", mnavutana. Na kati yako na muuzaji kuna winga, kijana aliyekupokea tangu unaposhuka kwenye gari, anayejua maduka yote, anayekupeleka, na anayeweka cha juu chake. Muuzaji anasema 28,000, winga amekwishakuambia 35,000, kilichobaki ni chake. Mfumo huo una faida zake, simdharau winga. Anamjua mwenye mzigo ambao mimi sijausikia, na ananiokolea miguu. Lakini kadi ya bei inamuua. Mteja akisoma 28,000 ukutani, cha juu kinapachikwa wapi?

Nilikuwepo dukani winga mmoja mtu mzima alipoingia na wateja wawili, akaona kadi, akasimama. Akamwambia mwenye duka kwa upole kabisa: "Mama, umetuandikia umaskini ukutani." Mama akamjibu, "Kaa nikwambie, baba." Alichokifanya baadaye ni kupanga malipo yake kwa kila pisi inayouzwa kwa mteja aliyeletwa, inaandikwa kwenye daftari, inalipwa jioni duka likifungwa. Kwa maelezo yake, mwanzoni mawinga walimsusa, wakawa wanapitisha wateja ng'ambo ya barabara huku wakimsalimia. Baadhi wamerudi. Wengine hawatarudi, kwa sababu cha juu cha kujipangia mwenyewe ni kitamu kuliko malipo ya kupangiwa. Na sisi mafundi tusijifanye malaika, wapo wanaomtajia mteja bei ya kitenge ambayo hakuna duka lililowahi kuitaja. Kadi hizi zinapigwa picha, picha zinafika Tandika kabla yangu.

Kuvutana hakujafa. Chini ya kadi kumeandikwa kwamba kuanzia pisi 10 mnaongea. Wa pisi moja analipa iliyoandikwa, na nimeona watu wengi wanalipa bila neno, hasa vijana, ambao nadhani wamechoka kubishana kuliko tunavyofikiri. Mama mmoja wa makamo alikasirika waziwazi. Alitaka apunguziwe hata mia tano, si kwa ajili ya pesa bali aondoke ameshinda. Akaongezewa kipande cha kitambaa cha kilemba. Akaondoka ameshinda.

Kona ya khanga ni ndogo ila imefikiriwa. Khanga kwa kawaida hukunjwa jina likabaki ndani, na mnunuzi wa khanga anatafuta jina kabla ya rangi. Anataka la kumpelekea mama mkwe, anataka la kumjibu jirani. Kwa hiyo doti zimekunjwa upya ili pindo la chini liwe nje na jina lisomeke, zimepangwa ngazi kwa ngazi kama unavyosoma ukurasa. Watu wanasimama pale wanasoma kwa sauti na kucheka, na anayecheka hana haraka ya kutoka. "Wema hauozi" iko kimo cha macho. Yale ya vijembe yako chini kidogo, na wanaoyataka wanainama bila kuambiwa. Zipo pia chache za Mombasa zenye "Mali ya Abdulla", ambazo wazee wanaziulizia. Mama yangu alikuwa anaitambua khanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, kwa kuisugua tu kati ya vidole. Kona hii ingemfaa.

Je, mauzo yamepanda? Nilimuuliza mwenye duka, maana bila hilo yote ni urembo. Alifungua daftari. Ninachoweza kukisema kwa haki ni hiki: vitenge vinavyotundikwa mlangoni ndivyo vinavyoisha kwanza, karibu kila mara. Alikuwa na kitenge kimoja cha zambarau chenye feni nyeupe kilichododa shelfu ya juu tangu kontena liingie, hakuna aliyekiuliza. Akakishusha mlangoni, zikatoka pisi nyingi kiasi kwamba kilihamia meza ya sare na kundi moja la msiba likachukua kilichobaki. Kitenge hakikubadilika, bei haikubadilika. Lakini yeye mwenyewe anakiri kwamba mabadiliko aliyafanya kuelekea Idi, na baada ya Idi zikaja harusi, na msimu huo hata duka lenye giza linauza. Nilimpenda kwa kulisema hilo. Kipimo chake kizuri zaidi ni kile cha kubadilishana: kitenge kikikaa mlangoni wiki kinatembea, akikirudisha shelfu ya juu kinalala, akikishusha kinaamka. Amefanya hivyo kwa vitenge kadhaa kwa makusudi, na daftari linaonyesha.

Waliokereka ni wa jumla. Wateja wake wa kutoka Zambia, Lubumbashi na Komoro hawana haja ya mdoli. Wanataka marobota, namba ya mchoro, bei ya pisi mia, na mzigo unaondoka saa ngapi. Mpangilio mpya uliwafanya waanze kuuliza kama amebadilisha biashara. Akafungua mlango wa stoo upande wa nyuma, huko kila kitu kipo kama zamani, marobota hadi darini, kila aina imekatiwa kipande cha kiganja na kubandikwa kwenye daftari kubwa. Wa jumla wanapita mbele moja kwa moja hadi nyuma. Nadhani angeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Jua na vumbi ndivyo adui wa vitu vya mlangoni. Kitambaa kinachopigwa na jua la mchana kwa muda mrefu kinapauka pale kilipokunjwa juu ya bomba, na ule mstari hautoki. Wao wanabadilisha vya mlangoni kila Jumatatu, na mchana jua linapogeuka wanashusha turubai. Hata hivyo baadhi vimepata mstari. Hivyo wanavikata na kuviuza vipande kwenye kapu chini ya meza, bei ya kutupa, na kapu hilo mafundi tunalijua vizuri kuliko meza yenyewe: mifuko, vilemba, viraka vya mashuka, bitana za pochi. Ukifika na ukanikuta nimeinama pale, usinisukume.

Kama unakwenda: Jumamosi mtaa haupitiki, nenda katikati ya wiki asubuhi. Lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, ipo ukutani karibu na EFD, risiti wanakupa bila kuombwa. Hawakati chini ya yadi 6 isipokuwa kwenye kapu. Na ukipenda kile kilichovishwa mdoli, mwulize mpwa yuko wapi akuhesabie yadi kabla hujalipa. Anajua, tatizo ni kwamba haulizwi.